Mpira wa Kikapu Vyuoni: Mlango Mmoja kwa Kijana na kwa Binti

Huenda mzazi wa Tarime au wa Mugumu mwenye mtoto wa kiume aliyerefuka kuliko wenzake amewahi kuambiwa na jirani, kwa utani wenye ukweli ndani yake, kwamba kijana huyo angekuwa Marekani angesomeshwa bure kwa sababu ya mpira wa kikapu. Ni mara chache jirani huyo husema hivyo juu ya binti mrefu. Hata hivyo maneno hayo ni ya kweli kwa binti sawasawa na kwa kijana.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza waamini wetu mambo matatu: timu za kikapu za wanaume na wanawake katika chuo kikuu zinaendeshwaje, zinampa mwanafunzi nini na kumdai nini, na familia ya wilaya zetu ijiandae vipi, na ijihadhari na nini, pale ambapo mlango huo unaonekana kufunguka.

Chuo kimoja, timu mbili

Mpira wa kikapu ulizaliwa shuleni. Mwezi Desemba mwaka 1891 mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alitakiwa kuwatafutia wanafunzi wake mchezo wa ndani wakati wa baridi kali, katika chuo kimoja cha mji wa Springfield, Marekani. Alitundika vikapu viwili vya matunda, akaandika kanuni 13, na mchezo ukaanza. Hazikupita hata miezi mingi kabla mwalimu mwanamke, Senda Berenson, hajaupeleka mchezo huo kwa wasichana wa Chuo cha Smith kilicho jirani. Kwa hiyo tangu mwanzo kikapu hakikuwa mchezo wa wanaume walioazimwa na wanawake. Kilikuwa mchezo wa wanafunzi, wa kike na wa kiume.

Leo vyuo vikuu vingi vya Marekani vina timu mbili za kikapu, ya wanaume na ya wanawake. Kila moja ina makocha wake, matabibu wake, walimu wa kuwasaidia wachezaji masomo, ratiba yake na bajeti yake. Katika ngazi ya juu ya mashindano, iitwayo Daraja la Kwanza la chama cha NCAA, kuna vyuo zaidi ya 350. Wanaume hucheza vipindi viwili vya dakika 20. Wanawake hucheza robo nne za dakika 10, kwa mpira mdogo kidogo. Mwisho wa msimu, mwezi Machi, timu zilizofuzu za wanaume na za wanawake huingia katika mashindano ya mtoano, na taifa zima huketi kuzitazama.

Mtanzania katika chuo cha mabingwa

Mfano ulio karibu nasi ni wa Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15, umri ambao wengi hudhani umechelewa. Alikwenda Marekani akamalizia sekondari mjini Houston, kisha mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Akiwa na urefu wa sentimita 221, alikuwa hodari wa kuzuia mipira ya wapinzani, na kwa miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi yao. Mwaka 2009 chuo chake kilifika nusu fainali ya taifa, na mwezi Juni mwaka huo timu ya Memphis ikamchagua wa pili kati ya wachezaji wote walioingia ligi ya kulipwa ya NBA. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo.

Habari hiyo tuliisikia sana. Lakini iko sehemu yake ambayo haikutufikia. Mwaka huohuo wa 2009, katika chuo hichohicho, timu ya wanawake ilicheza michezo 39, ikashinda yote 39, na kutwaa ubingwa wa taifa. Hadi mwaka 2025 wanawake wa Connecticut walikuwa wametwaa ubingwa mara 12, na wanaume mara 6. Mwaka 2004, na tena mwaka 2014, timu zote mbili zilikuwa mabingwa kwa wakati mmoja. Chuo kilichomlea Mtanzania wetu maarufu, kwa hesabu ya vikombe, ni chuo cha mabinti kwanza.

Masista, ndoo na haki ya mabinti

Usawa huo haukushuka wenyewe kutoka mbinguni. Chama cha NCAA kilianza kuandaa ubingwa wa wanaume mwaka 1939, na ubingwa wa wanawake mwaka 1982 tu: tofauti ya miaka 43. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho wanawake walicheza bila fedha, bila viwanja na bila ufadhili.

Hapa historia ya Kanisa ina sura yake. Karibu na mji wa Philadelphia kipo Chuo cha Immaculata, kilichoanzishwa na masista Watumishi wa Moyo Safi wa Maria kwa ajili ya wasichana. Mwaka 1972 kilikuwa chuo kidogo, na jengo lake la michezo lilikuwa limeteketea kwa moto miaka michache kabla. Timu yake ilipofuzu kwenda katika mashindano ya kwanza ya taifa ya wanawake, fedha za kusafiri hazikutosha. Wachezaji waliuza miswaki ili kupata nauli, na walioweza kusafiri walikuwa wanane tu. Walirudi wakiwa mabingwa, baada ya kuwafunga majirani zao wa West Chester vikapu 52 kwa 48. Wakautwaa ubingwa tena mwaka 1973 na mwaka 1974. Majukwaani masista wenye mavazi yao ya kitawa waliwashangilia mabinti zao kwa kugonga ndoo.

Miezi mitatu baada ya ushindi ule wa kwanza, tarehe 23 Juni 1972, Marekani ilipitisha sheria ya elimu ambayo kifungu chake cha tisa kinakataza taasisi ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia yake. Sheria haikutaja mpira hata mara moja. Lakini kwa kuwa michezo ni sehemu ya elimu, vyuo vililazimika kuwapa wasichana timu, makocha na ufadhili. Ndiyo sababu leo binti wa Kiafrika anaweza kusomeshwa na kikapu kama kaka yake. Mlango huo ulifunguliwa na wanawake waliocheza bila malipo, na watu wazima waliosimama upande wao.

Ufadhili unalipa nini, na unadai nini

Ufadhili kamili wa kimichezo katika Daraja la Kwanza hulipa ada ya masomo, malazi, chakula na vitabu, na vyuo vinaruhusiwa kuongeza fedha kwa mahitaji mengine ya maisha. Kwa miaka mingi chuo kiliruhusiwa kutoa ufadhili kwa wachezaji 13 wa timu ya wanaume na 15 wa timu ya wanawake. Angalia vizuri hesabu hiyo: nafasi za mabinti zilikuwa nyingi kuliko za vijana. Tangu msimu wa 2025 utaratibu umebadilika, na kwa vyuo vilivyoukubali mfumo mpya kila timu ina kikomo cha wachezaji 15. Si kila chuo hutoa ufadhili wa namna hii. Vyuo vya Daraja la Tatu, kwa mfano, havitoi kabisa ufadhili wa kimichezo, ingawa vina timu nzuri na vinaweza kutoa misaada kwa sababu ya ufaulu au uhitaji.

Sasa upande wa madai. Kabla ya kuingia Daraja la Kwanza, mwanafunzi lazima awe amemaliza sekondari na kufaulu masomo 16 ya msingi, yakiwemo hisabati, sayansi na lugha, kwa wastani uliowekwa. Vyeti vyake hupitiwa na ofisi maalumu ya NCAA, na mwenye vyeti vya kughushi hupoteza nafasi. Akiisha kuingia, ni lazima asome masomo ya kutwa kila muhula na aendelee kufaulu, la sivyo hawezi kucheza hata kama ndiye mfungaji bora. Katika msimu, mazoezi na shughuli rasmi za timu zimewekewa ukomo wa saa 20 kwa wiki, kwa sababu saa nyingine ni za masomo.

Kwa maneno mengine, urefu humfikisha mtoto mlangoni, lakini kinachomwingiza ni daftari. Mtoto aliyeacha shule akiwa kidato cha pili, hata awe na kipaji cha ajabu, hana mlango wa kubisha.

Kinachobaki mpira ukiisha

Wengi huona chuo kama kituo cha kupitia tu kuelekea NBA. Tuipime ndoto hiyo kwa hesabu. Ukizidisha vyuo 350 kwa wachezaji 13, unapata wachezaji zaidi ya 4,500 wa Daraja la Kwanza kwa upande wa wanaume pekee. Nafasi za kuchaguliwa kuingia NBA hazizidi 60 kwa mwaka, na hizo hugombewa na vijana wa dunia nzima. Kwa wanawake, mwaka 2024 nafasi za kuingia ligi yao ya kulipwa zilikuwa 36. Hata anayeingia hana hakika ya kudumu: Thabeet mwenyewe, pamoja na kuchaguliwa wa pili, alicheza NBA misimu mitano. Hilo si aibu. Ndivyo mwili wa mwanadamu ulivyo, na ndivyo ushindani ulivyo.

Ndiyo maana tunamkumbuka pia Dikembe Mutombo wa Kongo. Alisoma kwa Wayesuiti katika shule ya Boboto mjini Kinshasa, na mwaka 1987 akaenda kusoma Georgetown, chuo kikuu cha Wayesuiti kilichopo Washington. Alikwenda kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari. Timu ya kikapu ya chuo ilimpata hapohapo. Mwaka 1991 alihitimu katika isimu na diplomasia, kisha akacheza NBA kwa misimu 18. Mama yake alifariki dunia nyumbani Kinshasa kwa sababu, kutokana na hali mbaya ya usalama, hakuweza kufikishwa hospitalini. Mwana akajenga hospitali katika jiji hilo, ikafunguliwa mwaka 2007 kwa jina la mama huyo, Biamba Marie Mutombo. Alifariki Septemba 2024, na hospitali ingali ikitibu wagonjwa. Hakuwa daktari kama alivyotamani, lakini wagonjwa walipata pa kutibiwa.

Hekima hiyohiyo aliiishi Sista Jean Dolores Schmidt wa Chuo Kikuu cha Loyola mjini Chicago. Dunia ilimfahamu mwaka 2018, akiwa na miaka 98, ameketi kwenye kiti cha magurudumu pembeni mwa uwanja wakati timu ya chuo chake ilipofika nusu fainali ya taifa. Lakini kabla hajawa mlezi wa kiroho wa timu hiyo mwaka 1994, kazi aliyopewa ilikuwa kuwasaidia wachezaji wapandishe alama zao darasani. Alianza na vitabu, sala za uwanjani zikafuata. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 106.

Mlango unapofungwa mapema

Turudi sasa nyumbani, kwa akina Chacha na akina Bhoke wetu. Ikiwa mlango wa chuo hudai mtoto amalize sekondari akiwa na afya na ufaulu, basi kwa watoto wetu wengi mlango huo hufungwa hapa kijijini, kabla kocha yeyote hajawaona.

Kijana huvutwa na dhahabu ya Nyamongo, na bodaboda, na ng'ombe. Akiisha kupata fedha kidogo, darasa humwonekea kama kupoteza muda. Kwa binti hali ni nzito zaidi. Zipo koo ambazo, zamu yao inapofika katika likizo ya Desemba, bado humpeleka binti kwa ngariba. Ukeketaji humletea kutokwa damu, maambukizi, na hatari wakati wa kujifungua. Zaidi ya hayo, machoni pa jamii humhesabu binti kuwa mtu mzima aliye tayari kuolewa, na mahari ikitajwa, shule imekwisha. Binti aliyekuwa akikimbia uwanjani mwezi Oktoba anaweza kuwa mke wa mtu kabla ya Pasaka.

Sheria ya nchi imesema wazi. Tangu mwaka 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha miaka 15. Tangu mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, ni kosa lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021 binti aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni. Kituo cha Masanga wilayani Tarime na Nyumba Salama ya Mugumu wilayani Serengeti vimewapokea mabinti wengi waliokimbia kisu. Binti aliyevuka Desemba salama na kurudi darasani Januari amevuka kizingiti kikubwa kuliko fainali yoyote.

Hatusemi kwamba kila binti anayeepushwa na ngariba atakwenda Connecticut. Wengi hawatakwenda, na wala hawahitaji kwenda. Tunasema kwamba mwili wake na akili yake ni amana aliyopewa na Mungu, na mzazi hana haki ya kuifunga milango ambayo bado hajaiona.

Maswali ya kumwuliza anayeleta habari njema

Palipo na matumaini hapakosi wadanganyifu. Akitokea mtu anayejiita wakala na kuahidi kumpeleka mtoto wako ng'ambo kwa sababu ya mpira, mwulize haya kabla ya kuuza hata mbuzi mmoja:

1. Chuo ni kipi, na barua iko wapi? Ufadhili wa kweli hutolewa na chuo kwa maandishi, ukitaja jina la mwanafunzi, kinacholipwa na kwa muda gani. Chuo kinachokubali mwanafunzi wa kigeni Marekani humpa fomu ya I-20, ambayo ndiyo humwezesha kuomba viza ya masomo.

2. Fedha zinalipwa kwa nani? Zipo ada halali, kama za pasipoti, za viza na za usajili, nazo hulipwa kwa ofisi husika kwa utaratibu wao. Fedha zinazotakiwa kutumwa kwa simu ya mtu binafsi ni dalili ya hatari.

3. Je, mtoto ataendelea na shule? Anayesema aache kidato cha tatu aende akacheze kwanza, hajui kanuni au anazijua na anadanganya.

4. Atalala wapi, na nani atamlea? Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, na hasa kwa binti, swali hili halina mbadala. Mtu anayetaka kuondoka na mtoto haraka, kwa siri, au bila wazazi wote wawili kujua, asiruhusiwe.

5. Akiumia mguu, masomo yake yatakuwaje? Ufadhili mwingine hutolewa mwaka mmoja mmoja na kuhuishwa. Mwingine huahidiwa kwa miaka yote. Tofauti hiyo ijulikane kabla ya kutia saini.

Mkiwa na mashaka, waoneni mkuu wa shule, paroko, au ofisi ya elimu ya wilaya. Kuuliza si ujinga.

Tuanzie wapi

Mlango hauko Marekani peke yake. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, jijini Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore, kilichoanza mwaka 1961 kwa msukumo wa Mtakatifu Josemaría Escrivá na kupokea wanafunzi wa rangi zote, kina timu ya wanaume na timu ya wanawake zinazoshiriki mashindano ya kitaifa ya Kenya. Uganda nako Chuo Kikuu cha Kikristo cha Mukono kina timu zote mbili. Na hapa kwetu, mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, hujumuisha mpira wa kikapu kwa wavulana na wasichana. Huko ndiko mtoto wa kijijini anaweza kuonekana kwa mara ya kwanza.

Kwa mabinti zetu hatua ya kwanza ni fupi kuliko tunavyodhani. Netiboli wanayoicheza shuleni ni mtoto wa kikapu, iliyotokana nacho kule Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, na pete yake iko juu kwa kimo kilekile cha mita 3.05. Binti anayejua kudaka, kulenga na kuachia mpira kwa wakati amekwisha kujifunza nusu ya mchezo. Iliyobaki ni kuudunda. Parokia yenye nguzo imara, ubao, pete ya sentimita 45 na ardhi iliyoshindiliwa vizuri ina mahali pa kuanzia. Viongozi wa vijana wakumbuke tu kugawa saa kwa haki, ili uwanja usiwe wa wavulana kila jioni huku wasichana wakichota maji.

Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji, aliwakumbusha kwamba wao hujinyima kwa ajili ya taji linaloharibika, nasi tunalitafuta lisiloharibika (rej. 1Kor 9:24-27). Kikapu ni taji linaloharibika. Lakini likimfanya kijana aache shimo la dhahabu na kurudi darasani, au likimpa baba sababu ya kusema mwaka huu binti yangu haendi kwa ngariba, ana mechi Januari, basi limefanya kazi njema. Desemba inakuja. Wazazi, wahesabuni watoto wenu wote wanaporudi shuleni, wa kiume na wa kike.